Ukurasa wa Ngapi?

Dakta Bwire amezungushia wino mwekundu
rejeo langu la kumi na nne: Ukurasa wa ngapi?
Nami sina ukurasa. Nina neno "kivuko",
limepigiwa mstari wa buluu; ukilibofya
Nyamizi anavuka Kamanga, mtoto mgongoni.
Ukibofya "mvua", katika sentensi ileile,
anabaki Mwanza, anauza dagaa Mwaloni,
na mtoto hakuzaliwa kamwe.

Nimeisoma mara sita. Daftari langu
lina Nyamizi sita. Mmoja tu anacheka.

Mtunzi, Lushinge, fundi redio wa Igoma,
aliiacha kwenye diski, diski kwenye kopo la maziwa ya unga.
Mjane wake alinikabidhi kopo zima, akauliza
kama humo ndani ipo njia ambayo mzee anarudi.
Nilimjibu kisomi: inategemea msomaji.
Hadi leo jibu lile linaniwasha.

Jioni umeme ukakatika Malimbe,
Nyamizi akiwa kati ya neno na neno.
Nikashuka ziwani. Magugumaji yameziba
mlango wa jana wa mitumbwi;
vijana wanatoboa mwingine kwa upondo, wakitukanana.

Usiku, betri ikiwa asilimia tisa,
nimemwandikia Dakta:
Rejeo 14: kupitia "mvua", kisha "deni", kisha "mvua" tena.

Sikumwambia kuhusu neno "redio",
lililojificha chini kabisa, buluu yake bado mbichi.
Sijalibofya.
Jumamosi nitapanda nalo Igoma.