Kifutio

Saa tatu na dakika kumi taa za swichi
zikageuka rangi ya chungwa, kisha zikazimika moja moja
kama wachuuzi wa Mwembe Tayari waliosikia kanjo yuaja.

Ofisi yetu iko Shimanzi, juu ya stoo ya magurudumu:
watu sita, na kontena kumi na moja za wenyewe.
Bila mtandao fomu ya forodha haiendi,
bila fomu lori halitoki getini,
na lori lisilotoka linahesabiwa siku.
Bwana Shamsudin hakupiga kelele.
Alivua miwani, akaipangusa, akaivaa, akaivua tena.
"Wapigie wenye mashine," akasema, akinitazama mimi,
mhasibu, kwa kosa la kuwahi kubadilisha wino wa printa.

Kwa Kiswahili, bonyeza moja. Nikabonyeza.
Simu yako ni muhimu kwetu. Nikaungoja umuhimu wangu
dakika ishirini na mbili, sikio likachemka,
kinanda kikienda kikirudi kama mtu aliyesahau funguo.

Kisha sauti: "Naitwa Nduta. Nambari ya mashine?"
Nikaingia nusu mwili kabatini, tochi mdomoni,
katikati ya risiti za mwaka juzi.
Kibandiko kimeliwa na chumvi.
Kwetu chumvi haikai jikoni;
hupanda ngazi, huingia bila hodi,
imeshakula bawaba za madirisha na kengele ya mlango,
sasa imefika kwenye tarakimu. Saba, au moja? Nane, au tatu?
"Umeizima ukaiwasha?"
Nimeizima, dada. Nimeiwasha. Nimeiombea.
Nyevu wa mapokezi ameipiga kofi.

Akacheka kidogo. Nikasikia vidole vyake vikiandika,
halafu kimya, kile cha daktari anayesoma karatasi.
"Udhamini wenu uliisha Machi."
Fundi atakuja baada ya siku tano za kazi, kwa malipo.
Akayataja malipo. Sikuyarudia kwa sauti.
Tiketi 40718. Nikaiandika kiganjani.

Nikadhani amekata. Hakukata.
Akashusha sauti, kama muuza nyama anayekutengea maini:
"Mko Mombasa sehemu gani?"
Shimanzi.
"Mimi nimezaliwa Changamwe. Usiseme nimekwambia.
Una kifutio? Cha penseli, cha mtoto wa shule?"

Ninacho. Cha binti yangu Mwaka, kilisahauliwa mkobani,
kinanuka stroberi, kimeng'atwa pembe moja.
"Zima. Chomoa kadi ya kando. Unayaona meno ya shaba?
Sugua polepole, kama unafuta jibu ambalo huna hakika nalo."

Kutu ya kijani ikadondoka juu ya risiti.
Nikapuliza. Nikarudisha. Ikasema tik.
Taa moja.
Ya pili.
Huko chini lori likapiga honi, pengine si letu.

"Nduta," nikaanza, na laini ikakatika
kabla sijaambiwa nibonyeze moja hadi tano.

Siku hizi kila Jumatatu kompyuta yao huniandikia:
Tiketi 40718 ingali wazi. Je, tatizo lako limetatuliwa?
Ndiyo. La.
Naisoma, nakunywa chai.
Mwaka nimemnunulia kifutio kingine;
kile kimo drooni, kijani upande mmoja.
Sijajibu. Nikisema ndiyo wataifunga,
na jina lake limo humo, herufi tano,
la mtu ambaye, kwa mujibu wa kumbukumbu zao,
hakunisaidia kitu.