Saa ya Maikrowevu

Middlesbrough, mvua ya Desemba inakwaruza dirisha.
Mundhir na mchezo wake, pua karibu iguse skrini,
taa kazima, ati ndiyo raha yenyewe.
Ngome ya adui ikalipuka: nyeupe, nyekundu, nyeupe, nyekundu,
naye akaanguka kama koti lililokosa msumari.

Mama akaja mbio na kijiko.
Usimtie kitu kinywani, Mama. Wala usimshike.
Nikasukuma meza. Sweta yangu chini ya kichwa chake.
Saa ya maikrowevu ikahesabu dakika mbili
ndefu kuliko Januari.
Alipotulia nikamlaza kwa ubavu.

Akafumbua macho: "Nimeshinda?"

Siku hizi taa inawaka, kiti kimerudi hadi ukutani.
Mwanga ukianza kupepesa
hufunika jicho moja kwa kiganja, akageuka,
pointi zipotee.
Kijiko kimerudi kwenye sukari.