Mtundika Namba

Miaka ishirini na mitatu natundika namba za Latchman
kwenye ubao wa bati, upande wa kiwanda cha sukari,
na sijawahi kuuona vizuri uso wake akiwa kazini.
Mimi hukaa nyuma. Kuna tundu la ukubwa wa sahani,
na kupitia tundu hilo nimemjua kwa mgongo,
kwa kiwiko, kwa mguu wa kushoto unaotangulia
kama mtu aingiaye nyumbani kwake gizani.

Sasa Berbice nzima ina neno.
Katika duka la ramu la Ramdeholl, Jumamosi,
domino zinapigwa mezani kwa hasira:
astaafu, asistaafu.
Fundi cherehani anasema, ng'ombe hazeeki maini.
Nami nanyamaza na glasi yangu, nikiwaza:
kriketi haichezwi kwa maini, fundi.
Huchezwa kwa magoti.

Dhanpattie, auzaye pholourie langoni, ana hesabu zake.
Siku Latchman akicheza, beseni mbili zimekwisha
kabla ya adhuhuri. Asipocheza
hurudi nazo nyumbani, watoto wazile zimepoa.
"Acheze hadi afie palepale," anasema, na anacheka,
na hacheki.

Vijana wana simu. Wananionyesha wastani wake
ukishuka kama maji ya mfereji wakati wa kiangazi.
Na yupo Orin Fraser, miaka kumi na tisa,
benchini msimu wa tatu huu,
glovu zake mpya hazijaonja jasho.
Huyo naye ni mtoto wa mtu.
Kila Ijumaa mama yake hufua nguo nyeupe
ambazo hazikuchafuka.

Lakini nipisheni niseme nilichokiona.
Zamani aliuona mpira ukingali mkononi mwa mrushaji.
Siku hizi anausubiri. Huuacha ufike, uchelewe,
ukaribie kumpita, ndipo huugusa,
kidogo tu, kama unavyomgusa mtoto
aliyesinzia ibadani,
na mpira unateleza kati ya wadakaji wawili
hadi kwenye kamba ya mpaka.
Enzi za nguvu zake hakuwa na pigo hili.
Hakulihitaji. Ni uzee uliomfundisha,
na akiondoka
nani atanionyesha lingine kama hilo?

Halafu siku hiyohiyo, ova mbili baadaye,
kijana wa Demerara akarusha mpira ulionyooka,
mpira wa mtoto wa shule,
na vijiti vikalala.
Latchman alibaki ameinama, analitazama gongo lake
kama barua iliyoandikwa kwa lugha asiyoisoma.
Uwanja kimya. Juu ya bati langu
ndege kiskadi akauliza swali lake lilelile
asilojibiwa tangu aumbwe.

Jioni ile mkewe, Sabitri, alinipita penye lango.
Sikumwuliza. Alisema mwenyewe:
"Kila usiku ananiita tukimbie.
Amelala fofofo, anapiga kelele: Njoo! Ngoja! Rudi!
Nami humjibu, Njoo,
ili asibaki peke yake katikati."

Basi msiniulize mimi.
Sina mikono safi katika kesi hii.
Klabu imeagiza ubao wa taa; utafika baada ya Pasaka,
na ubao wa taa hauhitaji mzee wa miaka sabini na mmoja
mwenye harufu ya kutu vidoleni.
Tukiulizwa nani kati yetu ang'atuke,
sijui kama nitasikia jina lake au langu.

Kesho anaingia tena, saa nne na nusu,
mvua ikikubali.
Nitakuwa nyuma ya tundu langu,
sifuri mkono wa kulia, nne mkono wa kushoto,
na huu wa kushoto, nakiri,
huwa nimeshauinua
kabla mpira haujarushwa.