Inua Kidevu

Studio yangu ipo Barabara ya Nane, Ngamiani:
pazia la buluu, kiti kimoja, feni inayokohoa.
Miaka kumi na tisa nawaambia watu
inua kidevu, usicheke, tazama hapa.

Mwezi wa saba nikafunga mlango wiki nzima
nikaenda kaskazini na kamera ya kuazima kwa Mbelwa,
lenzi yake ndefu kama mchi.

Ol Doinyo Lengai haukuinua kidevu.
Ulikaa na mvi zake za majivu
ukitoa moshi kidogo, kama mtu
aliyeulizwa umri wake akajikohoza.

Chini, Natron. Magadi yalinipasua midomo.
Heroe mguu mmoja mmoja, maelfu,
vichwa majini, wamenipa migongo.
Nikasema "tazama hapa." Mazoea tu, wallahi.

Wa karibu akaruka. Wote wakaruka.

Picha mia nne, ukungu mtupu,
ila moja: bawa jekundu limekatika pembeni,
nyuma yake mlima, nusu.

Nimeitundika kando ya kioo cha kuchania.
Leo Bi Mwanaheri, aliyekuja kwa pasipoti ya Hija,
ameikodolea macho hadi nikamaliza kupanga taa.
"Ndege gani huyu, hana uso?"
Akacheka, pengo lake lote nje,
na kidole changu kikabonyeza.

Uhamiaji wataikataa, najua.
Nimempiga nyingine, midomo imefungwa, masikio yote mawili yanaonekana kidogo chini ya ushungi.
Ile ya kwanza sijaifuta.