Tundu la Usiku wa Kumi na Tisa

Kofia ya Mahfudh ina kosa upande wa kulia,
tundu lililokaa mbali na wenzake.
Aliponirudishia nikamwambia ni mtindo.
Uwongo. Ni usiku ule wa kumi na tisa wa Ramadhani
Kidevu alipotia saini karatasi asizozijua
na mimi nikachoma sindano pasipo pake, nikipiga kelele,
"Soma kwanza, mjinga we!"

Majina yao Waturuki siyashiki.
Nawapa yangu: Kidevu, Mama Vidani,
Yule Mdogo Mwenye Fitina.
Midomo inakwenda Kituruki, sauti inatoka Kishami,
nami nasikiliza kwa Kiunguja, hapa Mabela,
kiyoyozi kikinipuliza goti.
Mpaka linifikie, neno limeshapita mikono mitatu
kama nguo ya mtumba,
na bado linanienea.

Moza binti yangu hunicheka:
"Mama, ana farasi, ana majumba, unamlilia nini?"
Namlilia kwa sababu yeye halii.
Anasimama dirishani vipindi thelathini
na chai yake haimaliziki.
Marehemu baba yake Moza alikuwa hivyo hivyo,
ukimuuliza jambo anatazama nje, kwenye tangi la maji.
Lau angepigiwa muziki kidogo nyuma yake
labda ningemfahamu mapema.

Kiarabu nimesomeshwa na sanduku hili.
Nilishuka Maskati mwaka wa sabini na tano
nina Kiarabu cha kusalia tu.
Mengine nikayaokota kwenye filamu za Misri:
kuapa, kulaani, kuzimia, kumfukuza mume.
Siku niliyokwenda wizarani kufuata pasi
karani akaniambia rudi kesho.
Nikashika kifua, nikamwambia Kimisri safi,
"Umeniua, katili, na wanangu umewaacha yatima!"
Pasi nilipewa siku ile ile. Na maji baridi.

Vichekesho ndivyo vilivyonichelewa.
Kulia ni kulia, hata bubu analia,
lakini mzaha wa Kikuwaiti una mlango mdogo,
ukifika umeshafungwa.
Miaka nilicheka nyuma ya watu,
wao wamemaliza, mimi ndio naanza.
Sasa nacheka nao. Mara nyingine nawatangulia.

Juzi, baada ya futari, wakamtoa bibi mmoja,
kanga juu ya abaya, ulimi mzito.
Mpwawe wa kiume anamwita kwa jina la kike,
mlango anauomba radhi kama mke mwenza,
anauza mbuzi kwa bei ya kuku.
Sebule nzima ikacheka.
Kisha sebule nzima ikakumbuka nimekaa wapi.
Hilal akaanza kutafuta rimoti chini ya mto.
Bader, mkwe wangu, akaulizia chumvi,
na sahani zimeshaoshwa.

"Wacheni," nikasema, "namtazama."
Nikacheka kwa sauti, ili wapate kupumua.
Uzi ulikuwa umeshanikatikia mkononi.

Usingizi haukuja. Nikamhukumu yule mwigizaji
mpaka daku.
Sisi tunakosea, sikatai.
Kwetu yeye ni yeye,
hatukufunzwa kumgawa mtu kike na kiume
kabla ya kumwita aje ale.
Lakini bibi wa kwetu hauzi mbuzi kwa bei ya kuku.
Angemuuza mbuzi, na kamba akaitoza mbali.
Na kosa lenyewe alilisema kama aliyekariri,
mapema mno, bila ile aibu ndogo
inayokuja nusu ya neno, unapolisikia
na halirudi tena.

Asubuhi nikamwita Hilal na kalamu.
"Waandikie wenye kipindi.
Sema bibi yule hakujua kukosea.
Sema wakitaka, mimi nipo, nyuma ya duka la gesi,
nitamfundisha bure."
Akaandika, mabega yakimtikisika,
akaniletea nitie saini.

Nikavaa miwani. Nikasoma kwanza.