Nyayo Zilizozama

Siku ya kwanza niliwahesabu wawili.
Viatu vya theluji vilivyosukwa kwa kano za kulungu:
kimoja kimekatika uzi kisiginoni,
vingine vizima, vya kijana, vikiruka magogo
kama mtu ambaye bado hajajua kwamba anawindwa.

Askari Penfold alipiga chafya nyuma yangu.
“Amosi, wamepita lini?”
Nikachutama, nikagusa ukingo wa unyayo:
mgumu kama ganda la mkate wa juzi.
“Jana,” nikasema, “kabla ya mwezi.”
Theluji ni barua. Yeye shule hiyo hakupelekwa.

Siku ya nne mlikula kware mmoja, na mifupa mkaitafuna.
Siku ya tano mlichemsha mkanda.
Siku ya sita zebaki iliganda ndani ya kipimo,
mate yakaalika kama kioo kabla ya kufika chini,
na mbwa wetu, pua chini ya mkia,
wakakataa kuitwa kwa majina yao.

Siku ya saba ikabaki njia moja.

“Amemwacha mdogo wake,” alisema Penfold,
akitabasamu kwa upande mmoja wa uso;
ule mwingine ulikuwa umekufa ganzi.
“Au amemla.”
Tukatafuta kaburi kwenye misonobari,
tukatafuta kunguru, maana kunguru hana siri.
Hapakuwa na kunguru.

Nikaurudia unyayo. Ni wewe, Halvor,
uzi ule ule uliokatika.
Lakini umezama hadi gotini,
na kila baada ya hatua ishirini
pana shimo la mtu aliyeketi ghafla,
na kando yake kiganja kidogo
kilichojiegemeza ili kisikuelemee.

Husemwa damu ni nzito kuliko maji.
Sikuwahi kuiona ikipimwa.
Husemwa pia njia ya mwongo ni fupi;
waliosema hawakuvuka Mto Nungunungu mwezi wa Januari.

Kijijini Old Crow wanasema mlimuua mnunuzi wa ngozi.
Labda.
Nilimjua mnunuzi yule. Na mizani yake niliijua.

Siku ya nane upepo ulishuka milimani
ukafuta karibu kila kitu.
Chini ya msonobari ulioanguka
bado nilikuona wazi, ukikata kusini,
kuelekea kibanda cha marehemu baba yangu mdogo,
chenye jiko.
Askari akauliza.
Nikachutama kupita muda uliohitajika.
“Kaskazini,” nikasema.

Tulirudi na mbwa watano kati ya saba.
Serikali ilinilipa dola tatu kwa siku.
Nilizipokea.
Nikanunua chai, risasi, na uzi wa kushonea viatu.

Mwezi wa Mei, barafu ya mto ilipopasuka,
nilikwenda kibandani.
Jiko baridi, majivu yamezolewa, kuni zimepangwa upya.
Juu ya meza palikuwa na kiatu kimoja cha theluji,
kidogo,
kizima.

Hicho sikuweza kukisoma.