Kipupwe

Kule nilikotoka walinitakia kiangazi chema.
Nikashuka Nairobi, Julai, saa kumi na moja alfajiri,
na baridi ya Embakasi ikanishika mashavu
kama shangazi asiyeuliza kama umekua.

Dada yangu Mmbone alikuja na sweta mbili,
moja mwilini, moja mkononi.
"Nilijua utasahau," akasema.
Na kweli. Miaka tisa nimewaambia watu wa ugenini
kwamba kwetu ni jua tu.

Jericho, nyumba ileile, mlango rangi nyingine.
Mama akanitolea sahani zenye maua,
zile za kabati la kioo,
zile ambazo tukiwa wadogo kuzigusa ilikuwa kesi.
Akaninunulia maji ya chupa.
"Tumbo lako siku hizi," akasema, "hatulijui."
Nikayatazama yale maji mezani,
yamefungwa kizibo, yametulia,
hayana jirani hata mmoja.

Siku ya pili nikatafuta watu wangu.
Namba ya Ochola ikapokewa na mwanamke wa Kitale.
Hakukasirika.
"Si wewe wa kwanza," akaniambia.
"Huyo Ochola alipendwa."
Akakata, nikabaki na huo wakati uliopita sikioni.

Gitonga nilimkuta kwenye kinyozi chake, kitambi mbele,
bado anacheka kabla hajamaliza hadithi.
Syokau anafundisha hesabu Makadara;
ana mvi moja, ameipa jina la mwalimu mkuu.
Tukaketi nyuma ya ukumbi, penye ubao wa drafti,
vizibo vyekundu kwa vya kijani.
"Ochola alihamia wapi?"
Wakatazamana.
"Tulidhani mama yako alikuambia."
Na Mama, nilijua, alidhani wao.
Hivyo ndivyo habari ya mtu hukosa mbebaji:
kila mmoja anamstahi mwenzake.
Februari, mwaka juzi. Mapafu.

Gitonga akapanga vizibo pande zote mbili,
akacheza kwa mikono yote miwili, polepole,
na mkono wa kushoto, wa Ochola, ukashinda.
"Hata sikumwachia," akasema.

Nilikuwa nimembebea viatu. Namba tisa, vya ngozi,
vilikula kilo nzima ya sanduku langu.
Syokau akavigeuza, akagonga soli kwa kidole.
"Mtoto wake sasa anavaa namba nane.
Viache kwangu. Krismasi havitamsubiri."

Siku ya tatu, saa tisa usiku,
nikasikia bomba likikohoa uani.
Maji ya mgao: Jumanne hii,
na Jumanne nyingine Mungu akipenda.
Mlango ukagongwa kwa ngumi.
"We Mudaki! Umelala kama nani?
Beba mitungi!"

Hakusema tafadhali.
Nikatoka pekupeku juu ya saruji baridi,
mtungi kila mkono,
na Mama Wairu wa nyumba ya tatu
akanimulika tochi usoni, akaizima.
"Kumbe upo. Simama nyuma ya hiyo ndoo ya bluu,
na usimruhusu yule kijana apite."
Hakuna aliyeniuliza habari za huko.
Walikuwa wakihesabu mitungi,
wakibishana nani alifika kabla ya nani,
mvuke ukiwatoka vinywani kama wanaopika maneno,
nami nikabishana pia, kwa sauti,
nikakuta bado najua namna.

Zamu yangu ilipofika maji yakanimwagikia miguuni,
makali, yananuka kutu na dawa,
nikainama nikayanywa kwa kiganja
kama tulivyokunywa tukitoka mpirani,
mimi na yule aliyekuwa akinisukuma kichwa
ili niloe shati.
Nikangoja kidogo, nimeinama.
Hakuna aliyenisukuma.

Mama aliniona.
Asubuhi sahani za maua zilikuwa zimerudi kabatini
na chai yangu ikingoja
katika kikombe cha bati kilichobanduka ukingoni.

Tumbo liliniuma siku mbili.
Sikumwambia.